Swali la Dirishani

Katika karakana ya hospitali ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kipo. Ungefika kwenye dirisha la stoo ukataja unachotaka, hata kiwe kispea cha mashine iliyokufa kabla hujazaliwa, naye angekutazama kwa jicho moja, la pili likiwa bado kwenye kikombe chake cha chai, akasema, "Kipo." Kisha angeingia ndani taratibu, bila hata kuwasha taa, na kurudi nacho mkononi. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Mafundi waliapa kwamba mzee yule ukimfunga kitambaa machoni na kumzungusha mara tatu, bado atakwenda moja kwa moja kwenye kopo la fyuzi.

Stoo yenyewe sasa, usiombe. Rafu za chuma zilisimama kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa makopo ya maziwa, maboksi ya viatu na ndoo zilizokatika mikono, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kitu. Mgeni angeingia akadhani ni jalala lililowekewa mlango. Ramani yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amebakiza wiki sita astaafu.

Ndipo mhandisi mkuu wa karakana alipomkumbuka binti wa mzee. Binti huyu alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walilifupisha neno hilo wakamwita Kitinda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta. Alishaitengenezea shule moja na duka moja la dawa, na hawakulalamika, au walilalamika kwa adabu. Mhandisi alimwita ofisini, akamkalisha, akamwambia, "Binti, baba yako anaondoka na stoo yetu kichwani. Tufanyie mpango iingie kwenye kompyuta kabla hajafunga mlango."

Kitinda alikubali palepale, na sababu iliyomfanya akubali haraka hivyo hakuisema. Hiyo ilikuwa ya nyumbani.

Miezi miwili nyuma, wakiwa mezani, mzee aliweka kijiko chini akauliza, "Hivi kaka yangu mbona siku hizi hapigi simu?" Kaka mtu alikuwa kaburini mwaka wa nne, na mzee mwenyewe ndiye aliyeshika koleo siku ya maziko. Mama alimfinya Kitinda chini ya meza, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Labda simu yake imeharibika." Wiki iliyofuata walimpeleka kwa daktari, tena wa hospitali nyingine, mbali na macho ya watu. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, kwamba unakwenda polepole, na kwamba yeye hawezi kusema hiyo polepole ni miezi mingapi. Walipofika mlangoni kwao, mzee, akiwa bado ameshika kitasa, akasema, "Kazini wasijue. Niacheni niondoke na jina langu."

Basi ndiyo kazi aliyoibeba Kitinda. Watu wa karakana waliona programu ya stoo. Yeye alimwona baba yake akisimama dirishani kila asubuhi, na foleni ya watu mbele yake, na kila mmoja wao angeweza kuwa ndiye atakayemuumbua.

Alianza kwa daftari. Kitinda na daftari, jamani, hawakupatana hata siku moja, maana ukimpa ukurasa lazima aujaze. Aliorodhesha mambo ambayo programu ingefanya, na hakuacha kitu. Kila mtu awe na neno lake la siri. Kila kifaa kiwe na picha. Kifaa kikikaribia kuisha programu ipige kelele. Kikiazimwa iandike nani, lini, na kama alikuwa amenuna. Mhandisi naye akaongeza grafu za rangi, kwa kuwa aliwahi kuziona kwenye mkutano fulani na hazijamtoka rohoni mpaka leo. Mwisho wa wiki ya kwanza mambo yalikuwa arobaini na moja.

Tumtendee haki lakini. Hakuwa mjinga wa kazi yake, na alijua vizuri kwamba wiki sita hazitoshi hata kwa nusu ya yale. Ila alikuwa anaogopa. Kila usiku alipowaza kitu kingine ambacho baba yake alikijua na hakuna mwingine anayekijua, alikiongeza kwenye orodha, kana kwamba kuandika tu kulikuwa kunakizuia kisipotee. Alitaka kumkinga mzee mzima kwa ndoo moja, kama maji ya mvua, asidondoke hata tone.

Alimwonyesha baba yake lile daftari. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akamrudishia.

"Haya yote ni ya nani?" akauliza.

"Ya stoo, Baba."

"Mh," akasema mzee, na kumimina chai.

Kitinda aliielewa ile "mh," tangu utotoni alikuwa anaielewa, na akajifanya hajaisikia. Kwa wiki mbili alikaa kwenye kona ya stoo, juu ya kreti lililopinduliwa, kompyuta mapajani. Alichukua vitabu vya watengenezaji wa mashine, akaingiza vifaa elfu moja na mia tisa, kila kimoja na namba yake na jina lake la kitabuni. Akatengeneza kurasa za neno la siri. Akatengeneza grafu moja, ya kijani na chungwa, na mhandisi alipoiona alimwita katibu wake aje naye aione.

Jumatatu ya wiki ya nne wakasema wajaribu. Kompyuta iliwekwa dirishani na mafundi wakajaa. Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi wa mvuke, mtu mnene, mwenye maneno mengi, anayehudumia lile jiko kubwa la mvuke ambalo vyombo vya upasuaji huingizwa viuliwe vijidudu. Jiko lile lina mlango mzito, na mlango una mpira mweupe, mnene, unaouzunguka pande zote ili mvuke usitoke. Mpira ule ukipasuka jiko halifungi, na jiko lisipofunga hakuna anayepasuliwa siku hiyo. Mafundi waliuita kilemba. Nani aliuita hivyo wa kwanza, hakuna aliyekumbuka, lakini ukiuona ulivyojisokota juu ya mlango huna la kubisha.

Fundi wa mvuke aliandika neno lake la siri. Likakataa. Akaandika tena, likakubali, na kompyuta ikamtaka achague idara. Akachagua. Ikamuuliza sababu ya kuomba kifaa. "Nikae nacho tu, nikitazame," alisema, na wenzake wakacheka. Mwishowe alifika kwenye kisanduku cha kutafutia, akaandika kwa kidole kimoja: kilemba. Kompyuta ikafikiri. Ikamwambia hakuna kifaa chenye jina hilo.

"Mzee," fundi akaita kwa sauti, "mtoto wako anasema hakipo."

"Kipo," alisema mzee kutoka ndani, na akatoka nacho mkononi.

Kicheko kilicholipuka hapo kilisikika mpaka wodini. Mzee ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipangusa macho kwa leso. Kitinda alicheka na wenzake, lakini moyoni alikuwa amenywea. Vifaa elfu moja na mia tisa, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwa jina ambalo mtu wa karakana ile angelitaja. Pale walikuwa na pua ya mamamkwe, ambayo ni bomba la shaba lililopinda. Walikuwa na meno ya panya, na goti, na mzee kijana. Kwenye vitabu vya watengenezaji hakuna panya wala mamamkwe.

Jumatano, saa nne asubuhi, fundi wa mvuke alirudi, safari hii hana utani. Kilemba alichopewa Jumatatu alikuwa amekifunga kwenye jiko dogo la pili, na sasa cha jiko kubwa nacho kimepasuka, na madaktari wanasubiri vyombo. Kitinda alikuwa kwenye kona yake, juu ya kreti.

"Mzee, nipe kilemba kingine, mbio."

Mzee aligeuka. Kitinda alimwona akipita kati ya rafu, akasimama. Akagusa kopo moja, akaliacha. Akaenda mpaka ukutani, akarudi. Akatazama juu, akatazama mikono yake. Hazikupita hata dakika mbili. Kisha mzee akarudi dirishani, akashika ubao kwa mikono miwili.

"Hakipo," akasema.

Miaka yote aliyofanya kazi pale, fundi hakuwahi kulisikia neno lile kutoka dirisha lile. Akasema, "Sawa, Mzee," kwa sauti ndogo isiyo yake, akaondoka kwenda kuwaambia madaktari.

Kitinda aliinuka. Hakumwuliza baba yake kitu. Alitafuta rafu ya kwanza, ya pili, chini ya meza, ndani ya ndoo. Alipogeuka kuelekea mlangoni akaliona koti la mzee, lile la kaki, limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango kama kila siku. Akalinyanyua. Chini yake, kwenye msumari huohuo, vilining'inia vilemba vitatu.

Alikimbia navyo mpaka kwenye jiko la mvuke. "Vilikuwa vimefunikwa na koti," alisema, akihema.

"Koti," alisema fundi.

"Ndiyo. Koti."

Yule mtu wa maneno mengi alimtazama, akavipokea, akafunga kimoja kwenye mlango wa jiko. "Makoti haya," akasema, "yana matatizo sana." Na pamoja na mdomo wake ulivyokuwa hauna breki, habari ile haikufika kwa mtu mwingine yeyote.

Kitinda aliporudi stoo alimkuta baba yake ameketi juu ya kreti lake, dirisha limefungwa. Alikuwa hajagusa chai.

"Vilikuwa wapi?" akauliza.

"Msumarini. Nyuma ya mlango."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Ule msumari niliupigilia mimi. Nimeuona, mwanangu. Nimeuona msumari, nimeliona koti, nimeuona ukuta, na sikujua natafuta nini." Akasukuma kikombe pembeni. "Nimeogopa, Kitinda. Sijawahi kuogopa humu ndani."

Kitinda alikaa sakafuni, akaegemea mguu wa baba yake kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Machozi yalimlenga, akayaacha. Wakakaa hivyo, nje watu wakigonga dirisha mara mojamoja na kwenda zao.

"Lete lile daftari," mzee akasema baadaye.

Akalileta. Mzee akavaa miwani.

"Nilipokabidhiwa stoo hii," alianza, "aliyenitangulia aliniachia lundo. Lundo kweli, unapanda juu yake ndipo ufike dirishani. Kila mtu akaniambia, anza kupanga. Ningeanza kupanga, ningekuwa napanga mpaka leo. Unajua nilifanya nini? Nilivuta kiti, nikakaa dirishani wiki nzima, nikasikiliza watu wanauliza nini. Basi. Kilichoulizwa sana nikakitafuta kwenye lundo, nikakiweka karibu na mkono. Cha kwanza kabisa kilikuwa kilemba, ndiyo maana kikapata msumari. Vilivyofuata vikapata rafu ya chini. Ambavyo havikuulizwa nikavipandisha rafu ya juu. Sikutupa kitu. Nilikipandisha tu, siku kikiulizwa tutachukua ngazi." Akalipiga daftari kwa kidole. "Wewe umeanza kupanga lundo zima. Hebu twende moja moja. Neno la siri: nani amekuja dirishani akaliomba?"

"Hakuna, Baba."

"Rafu ya juu. Picha?"

"Hakuna."

"Rafu ya juu. Huyu wa kununa je?"

"Huyo niliandika nimechoka."

"Huyo hata ngazi asipandishiwe." Na kwa mara ya kwanza tangu saa nne wakacheka.

Lakini mzee hakutaka waamue kwa kukisia. Kuanzia kesho yake, kwa siku nne, Kitinda alikaa dirishani pembeni yake na karatasi, na kila aliyekuja alimwandika neno kwa neno alivyouliza. Walikuja watu mia moja na kumi na wawili. Mmoja alitaka kuazima ngazi. Wawili walitaka kujua kama spea zilizoagizwa zimefika. Kumi walikuja kupiga soga. Waliobaki wote, tisini na tisa, waliuliza kitu kimoja: hiki kipo, na kiko wapi. Kitinda alitazama karatasi ile, akaona haya. Katika mambo yake arobaini na moja, hilo lilikuwa la ishirini na sita.

Jioni ile alifungua ukurasa mpya akaandika mstari mmoja. Toleo la kwanza: mtu anaandika jina la kitu kama anavyokiita yeye, programu inamwambia kipo au hakipo, na kiko wapi. Alikaa akautazama ule mstari, vidole vikimwasha atie wa pili. Hakutia.

Mhandisi hakufurahi. "Na grafu zangu?"

"Ziko rafu ya juu, bosi," mzee alimjibu.

"Maana yake nini?"

"Maana yake zipo. Siku mtu akija dirishani kuziuliza, tutapanda ngazi."

Mhandisi alimtazama binti, akamtazama baba, akaona wamefanana hata ukaidi wao. Akasema sawa, shingo upande, lakini mwisho wa mwezi aone kitu kinachofanya kazi. Kitinda akafuta grafu ya kijani na chungwa. Alifuta na vile vifaa elfu moja na mia tisa, na hiyo, msione hivi, ilimuuma.

Kuanzia hapo wakawa na utaratibu. Saa moja asubuhi hadi saa nne, wakati kichwa cha mzee kikiwa kimetulia, wao wawili walifunga mlango. Mzee alikishika kifaa, akakitaja jina, majina yake yote, la mafundi wa zamani na la wa sasa, na Kitinda akaandika. Walianzia kwenye msumari wa mlangoni, wakaenda rafu ya chini, wakasonga mbele kwa mpango uleule wa mzee: kinachoulizwa sana kwanza. Kuna siku zilikwenda kama maji. Kuna siku mzee alikishika kitu, akakigeuzageuza, jina lisije, na Kitinda akajifunza kusema, "Hiki tukirudie kesho," kama vile yeye ndiye aliyechoka. Kesho yake mara nyingi jina lilirudi. Mara mbili halikurudi, wakamwuliza fundi wa mvuke, akawapa bila kuuliza sababu.

Mzee alianza kuipenda ile kazi. Katika wiki ya mwisho alitaka naye aandike, na akajifunza kutafuta herufi kwa vidole viwili, akizilaumu kwa kutokaa kwa mpangilio. Kitinda alipotoka kwenda kuleta chai alimwacha kwenye kompyuta, na aliporudi mzee alifunga haraka alichokuwa anaandika.

"Unafanya nini, Baba?"

"Nachezea."

Siku mbili kabla ya mwisho Kitinda alihesabu. Kwenye karatasi alikuwa na vitu mia tatu na arobaini. Programu ilisema mia tatu arobaini na vitatu. Akahesabu tena, akapata vilevile, akasema labda ameandika vitu fulani mara mbili, atarekebisha baadaye. Vilivyobaki katika stoo, zaidi ya elfu, havikuingizwa. "Vina miaka havijaulizwa," alisema mzee. "Viache vilale."

Siku ya mwisho mhandisi alitoa hotuba, na kwa bahati nzuri ilikuwa fupi. Karani mpya wa stoo, mama mmoja mtulivu aliyehamishwa kutoka idara ya mashuka, aliketi dirishani. Mzee alivaa koti lake la kaki, akazunguka, akatokea upande wa nje na kuingia kwenye foleni nyuma ya mafundi. Hakuwahi kusimama upande ule. Zamu yake ilipofika aliegemeza viwiko kwenye ubao.

"Mama, naomba pua ya mamamkwe."

Karani hakucheka wala hakuuliza. Aliandika, akasoma, akainuka. Alirudi na kile kibomba cha shaba.

"Ipo, Mzee."

Mafundi walipiga makofi. Mzee alikipokea, akakitazama, akamrudishia. Akapeana mikono na kila mtu, wa mwisho akiwa fundi wa mvuke, aliyemshikilia mkono kwa muda mrefu na kukosa la kusema, jambo ambalo lilizungumzwa karakana nzima kwa wiki. Kisha Kipo akaondoka na jina lake, kama alivyotaka.

Miezi saba ikapita. Stoo iliendelea vizuri. Kutoka rafu ya juu walishateremsha jambo moja tu, lile la kifaa kinachokaribia kuisha, kwa sababu karani mpya aliliuliza dirishani mara tatu. Grafu hazijaulizwa. Kitinda aliiweka programu kwenye simu yake, kitu kikiharibika airekebishe akiwa popote.

Nyumbani hali haikuwa nzuri hivyo. Polepole ya daktari ilikuwa imepata mwendo. Mzee sasa alikaa sana kwenye kiti chake cha dirishani, mpole, na alikuwa na siku ambazo maneno yalimtoroka moja moja. Mama alijikaza. Alifanya kazi zake zote kwa sauti ya juu kidogo, akiimba na kugonga sufuria, ili mzee asikie kuna mtu.

Alasiri moja Kitinda alikuja kuwasalimia. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Mzee alikuwa wima katikati ya sebule, anageuka huku na huku, na uso wake ulikuwa uleule wa Jumatano ile ya kilemba.

"Unatafuta nini, Baba?"

"Kile," alisema. "Yule. Kile..." Mkono ukachora kitu hewani, ukaanguka.

Kitinda alimkalisha. Alijua kwamba vidole vya mzee vikishughulika naye hutulia, kwa hiyo alimfungulia ile programu kwenye simu, akampa. Mzee aliona kisanduku, akakijua. Akaanza kutafuta herufi, moja baada ya nyingine, midomo ikitembea. Kitinda aliinamia bega lake akasoma: mwenzangu. Ndivyo alivyomwita mama siku zote, tangu Kitinda apate masikio. Sasa itamwambia hakuna, alijisemea, na akanyoosha mkono aichukue simu kabla haijajibu.

Ikajibu. "Yupo. Kama hayuko jikoni yuko uani. Usizunguke nyumba nzima kama mwizi, muite tu, ataitika."

Mzee alisoma kwa sauti, polepole, hadi mwisho. Akasoma tena. Akatabasamu.

"Huyu aliyeandika ana akili," akasema.

Kitinda alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Chini ya maneno yale palikuwa na tarehe, ya wiki ile ya mwisho, ya siku alizokuwa akienda kuleta chai. "Ni wewe, Baba," alisema. "Uliandika wewe."

"Mimi?" Mzee alionekana kufurahi sana. Akainua kichwa, akaita kuelekea mlango wa uani, "Mwenzangu."

"Abee," mama akaitika palepale. "Nipo huku, njoo unishikie vibanio."

Mzee akainuka akaenda, bila kusita, kama mtu aendaye kwenye rafu anayoijua. Kitinda alibaki na simu. Mia tatu arobaini na vitatu, alikumbuka, na karatasi yake ilikuwa na mia tatu na arobaini. Vilikuwa vitatu vimezidi. Hakuwa ameandika kitu mara mbili. Akajaribu: kaka. "Hapigi simu kwa sababu alifariki. Ulimzika vizuri, wewe mwenyewe. Usimwulize mwenzangu, anaumia." Kisha, baada ya kukaa sana na kidole hewani, akaandika jina lake mwenyewe.

"Kitinda. Binti yako wa mwisho. Ndiye aliyetengeneza hii. Siku ukimsahau, usimwambie."

Aliifunga simu, akaiweka kifudifudi mezani. Nje alimsikia baba yake akiuliza shuka hili linaanikwa wapi, na mama akimwelekeza. Kitinda alijifuta uso kwa upindo wa nguo, akatoka kwenda kuwasaidia kuanika.